Vya kutazama, vya kusikiliza na pa kula: chaguo letu



Kila juma tunaulizwa maswali yale yale, sokoni Nyawera, kwenye likelemba, hata mlangoni mwa kanisa. Mumetazama nini? Kuna kitu gani cha kusikiliza ambacho si habari za vita? Na mtu akipata kidogo mkononi, ampeleke dada yake kula wapi? Juma hili tunajibu yote mara moja.

Tangu vita vilipofika mjini Februari 2025, jioni zetu zimekuwa ndefu. Milango inafungwa mapema, watoto wako ndani, na simu moja inazunguka katika mikono ya watu sita. Kile kinachoonyeshwa kwenye simu hiyo ndicho nyumba nzima inalala nacho. Mara nyingi ni video isiyojulikana imetoka wapi: maiti, nyumba inawaka, mtu anatukana kabila la mwenzake. Tunaweza kumnyang'anya mtoto simu, lakini tusipompa kitu kingine ataenda kuitazama kwa jirani. Kwa hiyo orodha hii si ya starehe tu.

Hatukuchagua kwa kufuata umaarufu. Kwa kila kitu tulijiuliza swali moja: kikiisha, watu wa nyumbani wanazungumza namna gani? Wanaulizana na kusikilizana, au kila mmoja anaenda kulala na hasira yake? Filamu inaweza kuwa nzuri sana, lakini kama inaacha nyumba ikiwa na baridi, sisi hatuiweki hapa.

Pamoja na watoto

Ya kwanza ni Supa Modo, filamu ya Kenya ya mwaka 2018, iliyotengenezwa na Likarion Wainaina. Kiswahili kimo kwa wingi, kwa hiyo bibi naye anaifuata. Jo ni msichana wa miaka tisa, mgonjwa sana, na mama yake anajua kwamba hatapona. Anamtoa hospitalini na kumrudisha nyumbani. Jo anapenda filamu za mashujaa wanaoruka angani. Dada yake mkubwa anaanza kumfanya aamini kwamba naye ana nguvu hizo, na polepole kijiji kizima kinaingia katika mchezo, mpaka wanaamua kutengeneza filamu ya Jo mwenyewe.

Ndiyo, inaliza. Lakini ni filamu ambayo mtoto mdogo anaelewa kila kitu ndani yake, na haimtishi. Inamwonyesha mama mwenye hofu, anayetaka mgonjwa wake alale kitandani asichoke, na dada anayetaka mgonjwa huyo aishi siku zake. Wote wawili wanampenda. Katika nyumba zetu nani hajawahi kuwa mmoja wao? Tulipoitazama pamoja, wamama na watoto katika chumba kimoja, watoto hawakuuliza habari za kifo. Waliuliza: sisi tungetengeneza filamu, nani angekuwa shujaa? Wakabishana mpaka chakula kikaiva.

Ya pili ni Kinshasa Symphony, ya mwaka 2010, kazi ya Wajerumani wawili, Claus Wischmann na Martin Baer. Inahusu okestra ya Wakimbanguiste ya Kinshasa, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu. Yeye alikuwa rubani wa ndege, si mwalimu wa muziki. Wanamuziki wake mchana wana kazi zao na shida zao kama sisi. Jioni wanakutana kujifunza muziki wa Beethoven. Mmoja anatengeneza vyombo vya muziki kwa mikono yake, kwa sababu vya kununua havipatikani. Umeme unakatika katikati ya mazoezi, nao wanaendelea gizani. Hakuna mtoto wa Bukavu asiyejua delestaji ni nini. Ndiyo sababu watoto wetu wanacheka pale, halafu wananyamaza na kutazama vizuri. Kwa mtoto anayesema “sitaweza kujifunza kwa sababu hatuna hiki wala kile”, filamu hii inajibu vizuri kuliko maneno yetu.

Ya tatu ni ya zamani, kwa watoto waliokwisha kuwa wakubwa kidogo: La Vie est belle, ya mwaka 1987. Wengi wetu tunaijua kwa sababu ya Papa Wemba, aliyecheza ndani yake. Kitu ambacho vijana wengi hawajui ni kwamba Mwezé Ngangura, aliyeitengeneza pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy, alizaliwa hapa Bukavu mwaka 1950. Filamu yake nyingine, Pièces d'identités, ilipata tuzo kubwa kuliko zote katika tamasha la FESPACO kule Ouagadougou mwaka 1999. Mtoto wa mji wetu! Waambieni watoto hivyo kabla ya kuanza, mutaona wanavyokaa vizuri.

Katika La Vie est belle, mwanamuziki kutoka kijijini anakuja Kinshasa kutafuta bahati. Anampenda Kabibi, lakini bosi wake naye anamtaka Kabibi awe mke wa pili. Ni ya kuchekesha tangu mwanzo hadi mwisho. Chini ya kicheko kuna mambo ya kuzungumza na binti zetu: nani aliulizwa anataka nini? Kabibi aliulizwa lini?

Watoto wakilala

Kwa wakubwa tunaanza na Maman Colonelle, ya Dieudo Hamadi, mwaka 2017. Si hadithi ya kubuni. Inamfuata Honorine Munyole, kanali wa polisi, mjane na mama wa watoto wengi, ambaye kazi yake ni kulinda wanawake na watoto. Inaanza hapa hapa Bukavu, siku anapohamishwa. Anapakia vitu vyake na watoto wake, anaenda Kisangani. Huko anakutana na wanawake waliobeba majeraha ya vita ya siku sita ya Juni 2000, na watoto wanaoteswa kwa kuitwa wachawi.

Tunaipendekeza kwa sababu haimwonyeshi kama malaika. Anachoka, anakasirika, anaomba pesa sokoni kwa ajili ya wale wanawake, anarudi nyumbani na kuwauliza watoto wake kuhusu masomo. Tena inaonyesha jambo ambalo wamama wa vyama wanalijua sana: hata kati ya watu walioumia, wanaweza kuanza kubishana nani aliumia zaidi na nani apewe msaada kwanza. Mwenye kuongoza kikundi chochote atajifunza kitu hapo.

Ya pili ni Félicité, ya Alain Gomis, pia ya mwaka 2017, iliyopata tuzo Berlin na kule FESPACO mwaka huo huo. Véro Tshanda Beya anacheza mama anayeimba katika baa ya Kinshasa. Mtoto wake anapata ajali ya pikipiki, anahitaji kupasuliwa, na hospitali inataka pesa kwanza. Mama anazunguka mji mzima akitafuta: anadai madeni, anaomba, anagonga milango ya watu wanaomfukuza. Hakuna mama kati yetu asiyejua mwendo ule. Ina mambo ya wakubwa, ndiyo sababu tunasema watoto walale kwanza. Kama kuna mwanaume nyumbani, mtazame naye. Nusu ya pili ina fundi wa kutengeneza friji, mtu wa mapungufu mengi, ambaye anabaki pale kwa yule mama na mtoto wake bila maneno mengi. Kuna la kuzungumza na mzee wa nyumba.

Kuhusu L'homme qui répare les femmes, ya Thierry Michel na Colette Braeckman, inayohusu Daktari Mukwege na Hospitali ya Panzi: mwaka 2015 ilikatazwa kwanza katika nchi yetu, kisha ikaruhusiwa. Ni filamu ya maana. Lakini tunasema wazi: usiitazame peke yako usiku, na usimlazimishe mwenzako. Kati yetu wako wanaojua mambo hayo bila kuonyeshwa na filamu. Kama kikundi kinataka kuitazama, kifanye hivyo mchana, awepo mtu anayejua kusikiliza, na mlango uwe wazi kwa anayetaka kutoka.

Kwa masikio

Mama anayechambua maharagi au kutwanga sombe hana nafasi ya kutazama simu, lakini masikio yake yako huru. Kwa hiyo redio bado ndiyo rafiki yetu wa kwanza. Radio Okapi, iliyoanza Februari 2002, inatoa habari kwa lugha tano, na Kiswahili ni mojawapo. Radio Maendeleo ya hapa mjini iko tangu mwaka 1993. Na tusisahau AFEM, chama cha wanawake waandishi wa habari wa Kivu Kusini, kilichozaliwa mwaka 2003: wao ndio waliofanya sauti za wamama wa vijijini zisikike redioni, kwa midomo yao wenyewe.

Kwa vijana tunapendekeza michezo ya kusikiliza ya DW Kiswahili inayoitwa Noa Bongo, Jenga Maisha Yako. Ni hadithi fupi fupi zenye waigizaji, kuhusu masomo, kazi, afya, uchumba. Kijana wa miaka kumi na tano hataki kuhubiriwa na mama yake, lakini akisikia kijana mwenzake ndani ya mchezo ameingia shimoni, atasema mwenyewe, “huyu mjinga.” Hapo mama ananyamaza na kuendelea kupika. Kazi imekwisha kufanyika.

Juu ya mega: si kila mtu anunue. Mmoja wetu anapakua usiku wakati ni rahisi, halafu anawapitishia wengine kwa Bluetooth siku ya mkutano, bila gharama. Ukiwa na redio ndogo yenye nafasi ya kadi, weka sauti hizo kwenye kadi. Utasikiliza hata kama umeme umekatika siku mbili na simu imezimika.

Na kuna podikasti moja isiyohitaji mega hata kidogo: bibi. Watoto wetu wanapita kila siku hapa Nyawera mahali ambapo Askofu Mkuu Munzihirwa aliuawa tarehe 29 Oktoba 1996, na wengi hawajui alikuwa nani. Wako wazee katika avenue zetu waliomsikia akihubiri. Muombeni mmoja asimulie nusu saa, mtoto mkubwa anase sauti yake kwa simu. Hiyo mtaitunza.

Baada ya kuzima

Sasa tufike kwenye jambo tunalotaka kila mmoja alishike.

Wengine watakumbuka mchezo wa redio ulioitwa Kumbuka Kesho, uliotengenezwa na shirika la La Benevolencija ili kusaidia watu wa huku mashariki kuishi pamoja. Mtafiti mmoja wa Marekani, Elizabeth Levy Paluck, alifuatilia wasikilizaji wake kwa mwaka mmoja, na mwaka 2010 akachapisha alichokiona. Katika sehemu fulani watu walisikia mchezo peke yake. Katika sehemu nyingine, baada ya mchezo kulikuwa na kipindi cha kuwahimiza wasikilizaji wajadiliane. Tungefikiri kwamba wale waliojadiliana ndio walipatana zaidi. Ilikuwa kinyume. Walizungumza zaidi, ndiyo, lakini walivumiliana kidogo zaidi, walikumbuka zaidi malalamiko yao, na hawakuwa tayari sana kuwasaidia watu wa kundi wasilolipenda.

Tuliposikia hivyo tulishangaa, kisha tukatikisa kichwa. Tumeona jambo hilo sebuleni kwetu. Filamu inaisha, mtu mmoja anasema “unaona wale watu”, mwingine anajibu, na baada ya dakika kumi hakuna anayeikumbuka filamu; kuna hesabu tu ya nani alimfanyia nani nini, tangu mwaka gani. Na watoto wanasikiliza.

Sisi hatuchukui hapo fundisho la kunyamaza. Nyumba zinazonyamaza tunazijua, nazo hazina amani. Tunachukua kwamba mazungumzo yanahitaji mtu wa kuyashika, kama vile sufuria inavyohitaji mtu wa kukoroga. Kwa hiyo, kila tunapomaliza kutazama au kusikiliza, mmoja wetu anauliza maswali matatu tu:

Nani katika hadithi hii hakupewa nafasi ya kusema?

Ungekuwa yeye, siku ile, ungefanya nini?

Kesho asubuhi tunaweza kufanya jambo gani moja dogo?

Swali la “nani mwenye makosa” hatulianzishi. Na tunayo kanuni moja ya nyumba: tunataja jina la mtu, hatutaji jina la kabila. Mtu akisema “hao”, tunamuuliza kwa upole: “Hao nani? Tuambie jina lake.” Katika hadithi, daima kuna jina: Jo, Kabibi, Félicité. Kuchukia kundi ni rahisi. Kumchukia mtu ambaye umekaa naye saa moja na nusu na kuona jinsi anavyomwosha mtoto wake, hiyo ni kazi ngumu.

Pa kula

Mtatuuliza, chakula kinaingiaje hapa? Kinaingia kwa sababu mpishi naye anahitaji kupikiwa. Mama anayepika siku zote, mwaka mzima, akikaa mara moja na kuletewa sahani, anakumbuka kwamba yeye pia ni mtu. Na dada wawili wakikaa mbele ya sahani moja, yanasemwa mambo ambayo hayasemwi nyumbani.

Chaguo letu la kwanza ni malewa za karibu na soko la Nyawera, saa sita mchana, sufuria inapotoka tu motoni. Hatutaji jina la mama yeyote, maana wote ni dada zetu na wengine wangetununia. Tunawapa alama za kumtambua aliye mzuri. Kuna maji ya kunawa na sabuni mlangoni, si ndoo tupu. Anakuambia bei kabla hujakaa. Sombe yake haina uchungu: majani ya muhogo yasiyochemka vya kutosha yana sumu, kwa hiyo ukisikia uchungu ulimini, weka kijiko chini. Na wateja wake ni wachuuzi wa soko lenyewe, kwa sababu hao hawapotezi franka zao.

Agiza sambaza za kukaanga, bugali ya moto na pilipili pembeni. Wakati mnasubiri, waulizeni watoto kama wanajua kwamba sambaza si mwenyeji wa Ziwa Kivu: aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, naye akazaana mpaka leo hatuwezi kufikiri chakula cha Bukavu bila yeye. Mgeni aliyekuja kulisha wenyeji. Wavuvi humvuta usiku kwa taa. Kwa hiyo mwezi ukiwa mkubwa sambaza anapungua na bei inapanda. Nendeni siku za giza.

Chaguo la pili ni la asubuhi: chai ya maziwa na mandazi kwa mama wa barabarani, kabla ya mkutano. Kikundi kikichanga kidogo kidogo, mama mmoja anapata kuuza karai lake lote mara moja na kurudi kwa watoto wake mapema. Franka tunazoacha pale zinalipa masomo ya mtoto tunayemjua.

La tatu ni la sikukuu. Hoteli za kando ya ziwa, upande wa La Botte, zina bei za wageni. Ushauri wetu: kula nyumbani, kisha nendeni wawili au watatu mkanywe soda moja moja, mkitazama maji. Au msiende hotelini kabisa. Nunueni nanasi la Idjwi, limenywe mahali ziwa linapoonekana, na kila mmoja apate kipande. Ziwa ni lile lile.

Juma lijalo tunataka kusikia kutoka kwenu. Andikeni kwenye karatasi kitu kimoja tu mulichotazama, kusikiliza au kula, na mstari mmoja: baada yake, nyumbani mulizungumza nini? Mpeni karatasi mama anayekusanya likelemba. Asiyejua kuandika amwambie mwanawe amwandikie, na huyo mtoto naye aongeze la kwake. Na mwenye Supa Modo kwenye flashi ailete Jumamosi. Kuna nyumba tatu zinaingoja.